Namba ya Watu wa Kakamega

Jina la Kakamega likitajwa, wengi hukumbuka msitu mkubwa wenye miti mirefu na nyani, na wazee huongeza habari za dhahabu iliyogunduliwa mwaka wa 1931, ikawavuta Wazungu wengi kuja kuchimba mashimo katika mashamba ya watu. Mimi nataka kumwonyesha msomaji kitu kingine cha Kakamega, nacho hakionekani kwa macho wala hakishikiki kwa mkono. Kitu hicho ni namba, nayo ni hii: 1,867,579. Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa katika Kaunti ya Kakamega kuwa walilala humo usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019.

Kwanza tuisome kwa sauti, maana namba isiyotamkwa ni michoro tu. Milioni moja, laki nane, sitini na saba elfu, mia tano sabini na tisa. Masikio yakiwa wazi, tutasikia historia ndefu katika maneno hayo machache. Moja na nane ni Kibantu kitupu. Sitini, sabini, mia na elfu yametoka kwa Waarabu, laki imevuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na vitambaa na shanga, na milioni ililetwa na watu wa Ulaya. Kila mgeni aliyefika pwani kufanya biashara alituachia chombo cha kupimia wingi, na wingi ulipozidi tukaazima chombo kikubwa zaidi.

Hebu sasa tujaribu kuufahamu ukubwa wa namba hii. Mtu akiketi Jumatatu asubuhi akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde namba moja, asile, asinywe wala asilale, atamaliza baada ya siku 21, saa 14, dakika 46 na sekunde 19. Nasi twajua kwamba hawezi kumaliza kwa kweli, kwa sababu watoto watakuwa wakizaliwa nyuma yake na wazee wakifariki mbele yake. Hesabu ya watu ni kama kuhesabu maji ya mto. Ndiyo maana serikali huchagua usiku mmoja, ikasema: aliyelala hapa usiku huu, huyo ndiye tunayemhesabu.

Tuitazame namba yenyewe kama mwalimu wa hesabu angavyoitazama. Inaishia na tisa, kwa hiyo ni witiri, haigawiki kwa mbili. Tarakimu zake zikijumlishwa zapata 43, na 43 haigawiki kwa tatu, basi namba nzima nayo haigawiki kwa tatu. Haiishii na sifuri wala tano, kwa hiyo tano nayo yashindwa. Tukifika saba, mambo hubadilika. Saba katika kumi na nane ni mara mbili, wabaki wanne. Katika arobaini na sita ni mara sita, wabaki wanne. Katika arobaini na saba ni mara sita tena, wabaki watano. Katika hamsini na tano ni mara saba, wabaki sita. Katika sitini na saba ni mara tisa, wabaki wanne. Na katika arobaini na tisa ni mara saba kamili, habaki mtu. Yaani watu wote wa Kakamega wangeweza kugawanyika katika makundi saba yaliyo sawasawa, kila kundi watu 266,797.

Je, hiyo 266,797 yaweza kugawanywa tena? Asiyetaka kuamini maneno ya mwingine lazima aijaribu. Wala si lazima ajaribu namba zote zilizo chini yake. Zatosha namba tasa zisizozidi 516, kwa kuwa 517 mara 517 tayari imepita hapo. Namba tasa hizo ni 97, kuanzia 2 hadi 509. Nimezijaribu zote kwa kalamu na karatasi, na kila moja iliacha baki. Kwa hiyo 266,797 ni tasa. Neno tasa twalitumia kwa mnyama asiyezaa, na ni ajabu kidogo kwamba idadi ya umati huu wa watu, pamoja na watoto wake wote, ni zao la namba mbili tasa.

Mwanafunzi asidhani kwamba jambo hili ni mchezo tu. Kuzidisha namba tasa mbili ni kazi ya dakika moja, lakini kuipokea jibu lake na kuambiwa uzitafute zile mbili ni kazi ya jioni nzima. Na namba zikiwa na tarakimu mamia, hata mashine zenye nguvu hushindwa. Mwaka wa 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, waliutumia ugumu huo kutengenezea kufuli ya siri, na kufuli ya aina hiyo imelinda barua na fedha nyingi zinazopita katika intaneti.

Walakini, kwa watu wa Kakamega wenyewe, saba hiyo ilikuja kwa bahati tu. Laiti mtoto mmoja zaidi angezaliwa kabla ya saa sita ya usiku ule, pale Butere au Malava, namba ingekuwa 1,867,580. Hiyo ni shufwa, yagawika kwa ishirini, na saba haiigawi tena. Mtoto mmoja mchanga angetosha kuiharibu sifa tuliyoitafuta kwa jasho. Zipo basi sifa za namba zinazovunjwa na mtu mmoja, na zipo nyingine ambazo mtu mmoja, hata watu elfu, hawazitikisi. Hizi za pili ndizo zilizowafanya watu wa magharibi ya Kenya wakimbie kuhesabiwa kwa miaka mingi, kisha wakageuka wakataka sana kuhesabiwa. Habari hiyo yafaa kusimuliwa tangu mwanzo wake.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ilikuwa mwiko kuhesabu watu kwa kuwanyoshea kidole. Mama aliyeulizwa ana watoto wangapi alijibu kwa kuzunguka, na mwenye ng'ombe aliwajua ng'ombe wake kwa rangi na pembe, si kwa idadi. Ng'ombe mmoja akipotea alijua mara moja, ingawa hakujua walikuwa wangapi. Wamisionari walipofika wakasomesha Biblia, watu hawakushangaa kukuta humo habari ya mfalme Daudi, aliyeamuru watu wake wahesabiwe, kisha ikaja tauni iliyoua watu sabini elfu. Wengi waliona kuwa habari hiyo yathibitisha waliyokwisha kuyasikia kwa bibi zao.

Lakini mwiko peke yake haukuleta hofu kubwa. Hofu ililetwa na kodi. Mwisho wa karne ya 19 serikali ya Kiingereza iliweka kituo Mumias, karibu na makao ya Nabongo Mumia wa Wanga, na nchi hiyo yote ilikuwa bado sehemu ya Uganda. Mwaka wa 1902 mpaka ulisogezwa, eneo la magharibi likaingizwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo iliyokuwa Kenya baadaye. Kodi ya nyumba ikawa sheria, na mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba. Basi, kwa mara ya kwanza, mtu mgeni alipita kijiji kwa kijiji akihesabu, na alichohesabu hakikuwa watu. Alihesabu vibanda.

Hapa msomaji ajiulize: ukihesabu vibanda, wajuaje idadi ya watu? Jibu la maofisa lilikuwa rahisi. Walikadiria kila kibanda kina watu kadha, wakazidisha. Tuseme kwa mfano kwamba vibanda vilikuwa elfu hamsini. Ukizidisha kwa tatu wapata laki moja na nusu, ukizidisha kwa nne wapata laki mbili. Watu elfu hamsini wametokea kwenye karatasi bila kuzaliwa na mama yeyote. Zaidi ya hayo, kodi yenyewe iliiharibu hesabu. Mahali ambapo kila kibanda kilidaiwa fedha, watu walikuwa na sababu nzuri ya kubanana ndani ya vibanda vichache. Chombo cha kupimia kilikuwa kinakibadilisha kile kilichopimwa.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya mwaka wa 1914. Wanaume wengi wa magharibi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza liligeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Walibeba mizigo hadi ndani ya nchi ya Wadachi, wengi wakafa kwa homa, kuhara na njaa, na idadi yao kamili haikupata kujulikana. Hili lanisikitisha kuliko mengine yote katika habari hii. Watu waliohesabiwa kwa uangalifu mkubwa walipokuwa wanatakiwa, hawakuhesabiwa kwa uangalifu uleule walipokufa. Baada ya vita, kuanzia mwaka wa 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyekwisha kuwa mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande, cheti chenye namba yake, ndani ya kikopo kidogo cha bati alichokivaa shingoni. Mwenye namba shingoni hakuhitaji kufundishwa maana ya kuhesabiwa.

Katika miaka hiyohiyo makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega, na wilaya ikaitwa Kavirondo ya Kaskazini. Mwaka wa 1923 kikaundwa chama kilichojiita kwa jina la walipa kodi wa Kavirondo, kikiongozwa na padri Mwingereza, Walter Owen. Jina hilo lafaa kutazamwa vizuri. Waliokuwa wakihesabiwa ili walipe, sasa walisimama wakasema: sisi ndio tunaolipa, basi tusikilizwe. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba namba yaweza kushikwa kwa ncha ya pili.

Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kuwahesabu Wazungu na Wahindi mara kadha, mwaka wa 1911, 1921, 1926 na 1931. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, walikadiriwa tu. Hesabu ya kweli ya Waafrika, ya mtu mmoja mmoja, ilifanywa mara ya kwanza Agosti 1948, ikapata kwamba nchi nzima ilikuwa na watu wapatao milioni 5.4. Iliyofuata ya mwaka wa 1962 ilipata milioni 8.6. Tangu mwaka wa 1969, Kenya imehesabu watu wake kila baada ya miaka kumi bila kukosa: 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019.

Mtu asiye mwangalifu atataka kuzipanga namba za Kakamega za miaka hiyo yote katika safu moja, atazame jinsi zilivyopanda. Asifanye hivyo upesi. Kakamega ya mwaka wa 1948 si Kakamega ya mwaka wa 2019. Wilaya ile kubwa ilikatwa mara nyingi: Bungoma ikatengwa, Busia ikatengwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Vihiga nayo ikatengwa. Kaunti ya sasa ilitokana na Katiba ya mwaka wa 2010, ikakusanya pamoja maeneo ya Kakamega, Lugari, Butere na Mumias. Kwa hiyo twaweza kulinganisha kwa haki namba mbili tu zilizopimwa ndani ya mipaka hiyohiyo, ile ya mwaka wa 2009 na ile ya mwaka wa 2019. Mbili zatosha kutuonyesha jambo la ajabu.

Hesabu ya mwaka wa 2009 ilizusha ugomvi mkubwa. Matokeo yalitangazwa tarehe 31 Agosti 2010 na Waziri wa Mipango, Bwana Wycliffe Oparanya, ambaye wakati huo alikuwa Mbunge wa Butere. Alitangaza watu 38,610,097 katika Kenya yote, lakini papo hapo akasema kwamba matokeo ya wilaya nane za kaskazini hayakubaliki, kwa kuwa watu waliongezeka kupita ilivyoweza kuelezwa kwa kuzaa. Tazama jinsi dunia ilivyogeuka! Babu zao walijibana katika kibanda kimoja ili waonekane wachache, na sasa serikali ilikuwa inalalamika kwamba watu wamejifanya wengi. Bwana Oparanya mwenyewe alichaguliwa mwaka wa 2013 kuwa Gavana wa kwanza wa Kakamega, akatawala kwa miaka tisa kaunti ambayo fungu lake la fedha lilitegemea namba alizozitangaza yeye.

Kwa nini watu walitaka kuwa wengi? Kwa sababu Katiba ya mwaka wa 2010 iliifunga namba ya watu na mambo mawili yanayogusa kila nyumba, yaani viti vya Bunge na fedha. Fomula ya kwanza ya kuzigawia kaunti fedha, iliyopitishwa mwaka wa 2012, ilisema kwamba katika kila shilingi mia za kugawanywa, 45 zifuate idadi ya watu. Nayo majimbo ya Bunge yamewekwa kuwa 290, hayaongezeki wala hayapungui, na kila jimbo latakiwa liwe na watu wanaokaribia wastani wa nchi.

Sasa tuzishike namba mbili. Mwaka wa 2009 Kakamega ilikuwa na watu 1,660,651, ikawa kaunti ya pili kwa wingi baada ya Nairobi. Mwaka wa 2019 ilikuwa na 1,867,579. Toa ile katika hii, utaona kwamba waliongezeka watu 206,928, yaani zaidi kidogo ya watu 12 kwa kila mia. Asiyejua hesabu atashangilia. Lakini katika miaka hiyohiyo Kenya nzima ilipanda kutoka 38,610,097 hadi 47,564,296, yaani zaidi ya watu 23 kwa kila mia. Kakamega ilikuwa inatembea, na nchi ilikuwa inakimbia. Kiambu na Nakuru ziliipita, na Kakamega ikawa ya nne.

Chukua wastani wa jimbo. Mwaka wa 2009, 38,610,097 gawanya kwa 290 ni watu 133,138 kwa jimbo. Kwa kipimo hicho watu wa Kakamega walitosha majimbo 12 na karibu nusu, nao walipewa 12. Mwaka wa 2019 wastani ulipanda hadi 164,015, na kwa kipimo hiki kipya watu 1,867,579 watosha majimbo 11 na zaidi kidogo ya theluthi. Watu zaidi ya laki mbili wameongezeka, na bado haki yao ya viti, ikipimwa kwa wastani, imepungua kwa zaidi ya kiti kizima! Nalirudia jambo hili kwa makusudi, maana wanafunzi wengi, na baadhi ya watu wazima pia, hudhani kwamba namba ikikua basi imekua. Namba ya watu wa mahali pamoja haina nguvu peke yake. Nguvu yake imo katika kulinganishwa na namba ya wote.

Nisimtie msomaji wasiwasi usio na sababu. Katiba yaruhusu jimbo lizidi wastani au lipungue chini yake kwa kiasi cha sehemu thelathini katika mia, na katika miji hata arobaini. Ukiwagawa watu wa Kakamega kwa majimbo yao 12, kila jimbo lapata 155,631, nao wabaki watu saba wasio na jimbo. Wastani huo uko chini ya ule wa nchi kwa sehemu tano tu katika mia, kwa hiyo sheria haidai kwamba kiti kiondolewe. Mipaka ilitakiwa itazamwe upya kabla ya Machi 2024, muda huo ukapita kazi haijafanywa, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna.

Upande wa fedha hesabu ni hiyohiyo. Mwaka wa 2009 Kakamega ilikuwa na watu wanne na theluthi moja hivi katika kila Wakenya mia. Mwaka wa 2019 hawakufika wanne. Yaonekana kama tofauti ndogo isiyofaa kutajwa. Lakini zigawe shilingi milioni elfu moja kwa kufuata watu peke yao, utaona kwamba kwa kipimo cha zamani Kakamega yapata milioni 43, na kwa kipimo kipya milioni 39 na robo. Mwaka wa 2020 maseneta walibishana majuma mengi juu ya fomula mpya. Waliotoka kaunti zenye watu wengi walitaka watu wapewe uzito zaidi, na waliotoka kaunti kubwa zenye watu wachache wakakataa. Mwishowe fomula iliyopita ilipunguza fungu la watu kutoka 45 hadi 18 katika mia, fedha nyingine zikafuata hospitali, kilimo, umaskini na ukubwa wa nchi. Kwa Kakamega, yenye watu zaidi ya mia sita katika kila kilomita mraba, shauri hilo halikuwa dogo.

Mtu aweza kuuliza: watu wa Kakamega wamekwenda wapi? Sehemu ya jibu ni kwamba familia zimekuwa ndogo. Nyumba 433,207 zilizohesabiwa mwaka wa 2019 zilikuwa na watu wanne na kidogo kwa wastani. Sehemu nyingine imo katika neno nililolitaja mwanzoni, kulala. Kijana wa Shinyalu anayefanya kazi Nairobi, aliyelala Nairobi usiku ule, ni mtu wa Nairobi kwa mujibu wa hesabu, hata kama anajenga nyumba kwao na kuwatumia wazazi fedha kila mwezi. Ndiyo sababu si mara moja tu viongozi wa sehemu mbalimbali waliwahimiza watu wapande mabasi warudi nyumbani ili wahesabiwe huko. Mimi siupendi mtindo huo. Mtoto anayesoma Nairobi anahitaji dawati Nairobi, na kuhesabiwa kwake Kakamega hakumletei dawati hilo. Lakini naelewa kwa nini baba yake amwita.

Limebaki jambo moja la kihesabu, nalo ni la kumsaidia mwanafunzi anayeshuku namba kubwa, kama ipasavyo. Mwaka wa 2019 makarani waliacha karatasi, wakatumia vibao vya kompyuta, na matokeo yakatangazwa tarehe 4 Novemba mwaka huohuo. Kakamega walipatikana wanaume 897,133 na wanawake 970,406. Zijumlishe, utapata 1,867,539, nayo si ile namba yetu. Zimepungua arobaini. Je, ni kosa la makarani?

Wanahisabati wa Kiarabu walikuwa na njia ya kukagua majumlisho, nayo yapatikana katika vitabu vyao tangu karne ya 10, ya kutupa tisa tisa. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja. Za wanaume zapata 31, kisha 4. Za wanawake zapata 26, kisha 8. Nne na nane ni 12, yaani 3. Lakini 1,867,579 yatoa 43, kisha 7. Tatu si saba, kwa hiyo njia yatuambia bila shaka kwamba kuna kitu kimeachwa. (Njia hii haishiki kila kosa. Karani akibadilishana nafasi ya 6 na 7, akaandika 1,876,579, ameongeza watu elfu tisa, na kutupa tisa hakutamkamata.)

Kilichoachwa ni watu arobaini. Ni watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume kamili wala ya kike kamili, ambao katika vitabu vya zamani huitwa huntha. Katika Kenya nzima walipatikana 1,524, na mwaka wa 2019 ndio wa kwanza waliohesabiwa kwa jina lao. Katika hesabu zote zilizotangulia, tangu ile ya mwaka wa 1948, walilazimishwa kuingia safu moja au nyingine, au walifichwa nyumbani kabisa. Ongeza arobaini hao, ambao nao kwa njia ya kutupa tisa ni nne. Tatu na nne ni saba, na hesabu imesimama. Waondoe, nayo 1,867,539 yagawika kwa tatu, na saba haiigawi tena.